Yaarub bin Marhoun, Mjukuu wa Rehbein wa Pangani

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyetupa Yaarub na juzi Jumapili akamtaka Mwenyewe.

Maneno haya yameandikwa na Badriya binti Marhoun, dada wa marehemu, na yanasomwa na Mahrous, mwanawe mkubwa, hapa nyumbani kwake Ibra, Oman, leo Jumanne tarehe 24 Julai 1984, siku ya kuanua matanga. Ndugu wa Unguja, Mombasa na Dubai ambao hawakuwahi watapelekewa nakala.

Namna alivyokufa mnaijua. Alichomwa jambia tumboni kwenye sabla, ukumbi wa wageni wa binamu yetu Hamdun bin Nadhir, na aliyemchoma ni Khalaf, mtoto wa Hamdun, ambaye yuko mikononi mwa polisi. Kadhi amewauliza warithi wanataka nini: roho kwa roho, dia ya damu, au msamaha. Mjane wake Bi Amna na mabinti wawili wamekwisha kusamehe, na kwa sharia akisamehe mrithi mmoja kisasi kimeanguka. Lakini Mahrous alikuwa hajatamka neno, na siku ya maziko alimpiga jiwe la mdomo mtu wa kwa Hamdun aliyetaka kushika jeneza. Damu ilimwagika makaburini mbele ya maiti. Kwa hivyo tunajua kwamba wengi waliokuja hapa siku hizi mbili walikaa karibu na mlango, wakihofia ugomvi.

Marehemu alizaliwa Pangani, pwani ya Tanganyika, tarehe 11 Machi 1926. Baba yake alikuwa Marhoun bin Khelef, mfanyabiashara mzaliwa wa Ibra. Mama yake alikuwa Bi Khole, mtoto wa Bi Mwanamvua wa Pangani na Mdachi mmoja mwenye shamba la katani. Alitoka tumboni kitovu kimemzunga shingo, na mkunga akamchapa makofi mpaka akalia. Mama yetu alikuwa akisema, "Huyu kaanza kupigwa kabla hajanyonya."

Alirithi kwa mama macho ya rangi ya maji na nywele za rangi ya shaba. Watoto wa Pangani walikuwa wakimrushia mawe na kumwimbia "Mdachi, Mdachi," na yeye hakuwa mtu wa kukimbia. Aliyamaliza Masahafu akiwa na miaka tisa. Mwaka 1938 baba alihamishia duka lake Malindi, Unguja, na Yaarub akatiwa skuli ya serikali, akasoma mpaka darasa la sita. Huko alimvunja pua mtoto mwenzake kwa kibao cha kuandikia, kwa sababu ya neno lile lile. Mwalimu alimchapa mpaka akashindwa kukaa. Kesho yake alikwenda kwa yule mtoto na sahani ya pweza wa kukaanga iliyofunikwa kawa, akasimama mlangoni, akamwambia, "Kula." Mtoto mdomo umemvimba, hawezi kutafuna. Yaarub akamchambulia pweza vipande vidogo vidogo, akamlisha, mpaka mama wa yule mtoto akatoka na kumwuliza kama pua ya mwanawe inaota kwa pweza. Wawili hao walibaki marafiki mpaka mmoja alipokufa.

Mwaka 1944 aliingia kazi gatini, na baada ya miaka michache akawa msimamizi wa wachukuzi. Lazima tuseme kweli, kwani wapo hapa waliofanya kazi naye: marehemu alikuwa akipiga. Mchukuzi akiangusha gunia alizabwa kofi, na akijibu alipigwa ngumi. Watu wakisema ni damu ya Kidachi, na yeye wakati huo alilipenda neno hilo. Bibi yetu Mwanamvua, aliyeishi nasi Malindi mpaka alipofariki mwaka 1950, alikuwa akisikia Yaarub kampiga mtu hamgombezi. Alikuwa akimtazama mikono, kisha anainuka na kutoka chumbani. Tulidhani ni uzee.

Bibi huyo ndiye aliyetupa habari za babu. Alituambia kwamba babu alisilimu, akamwoa kwa ndoa ya sharia, na kwamba alikuwa mtu wa sala, hana makubwa. Jina lake lilikuwa Ludwig Anton. Vita vya Wadachi na Waingereza vilipofika Pangani alikwenda vitani na hakurudi. Mama yetu alikuwa na miaka saba. Hatukuwa na kingine chochote cha babu ila saa ya ukutani iliyoandikwa mgongoni jina la fundi na mji wake, Altenbrück.

Tarehe 2 Juni 1951 marehemu alimwoa Bi Amna binti Suweid, wa Malindi. Mwenyezi Mungu akawaruzuku Mahrous, Turkiya na Wadha. Bi Amna anasema kwamba mumewe hakumnyanyulia mkono hata siku moja, na ametaka jambo hilo lisomwe.

Januari 1964 mdogo wetu Khelef aliuliwa kwa mapanga shambani Bumbwini. Yaarub alikwenda kumtafuta watu wote wakimkataza. Alimkuta uani, amekatwa shingo na mikono miwili, kwa kuwa aliinyanyua kujikinga. Alimwosha peke yake kwa maji ya ndoo, akamvika shuka ya kitanda, akamchimbia kaburi kwa jembe la palizi. Njiani kurudi alikamatwa. Alikaa kifungoni zaidi ya mwaka, akapigwa mpaka sikio la kushoto likafa na meno ya mbele yakatoka. Alipotolewa aliuza vitu vya ndani kimoja kimoja, na mwaka 1972 akatuleta sote Oman, kwenye mji wa baba yake ambao hakuwa amewahi kuuona.

Binamu Hamdun, aliyerudi Ibra tangu mwaka 1958, alitupokea vizuri. Alitupa nyumba na zamu ya maji ya falaj, mfereji wa mashamba, na watoto wake walikuwa wakizungumza Kiswahili na wetu. Mwaka 1974 marehemu alipata kazi kwenye kampuni ya barabara, upande wa Samail na Nizwa, akawa msimamizi wa kundi la wavunja mawe. Alikaa kambini, na Ibra alirudi kila mwisho wa wiki. Huko kambini pia alipiga. Injinia wake, Mdachi kijana aliyejulikana kwa jina la Klaus, alimwona siku moja akimzaba kibao mfanyakazi, akamwambia, "Yaarub, mkono huo ukinyanyuka tena, nitaukata mshahara." Marehemu akamjibu, "Mkono huu ni wa kwenu. Babu yangu ni Mdachi." Ndio wakawa marafiki.

Mwaka 1978 Nadhir, mtoto wa pili wa Hamdun, alimtaka Wadha. Watoto walikuwa wanapendana na wazee walijua. Lakini Bi Kaltham, dada wa Hamdun, alisema mbele ya wanawake waliokuja kutazama, "Msichana ni mzuri, mashaallah. Lakini bibi yake Khole kazaliwa ndani ya ndoa au kazaliwa shambani?" Maneno yakafika sabla. Hamdun akamwita marehemu.

"Mwana wa ami," akamwambia, "mimi na wewe hatuna neno. Lakini wajukuu wangu watatukanwa kwa babu huyu. Nipe kitu cha kuwaziba watu midomo."

"Nikupe nini? Kafa vitani."

"Wadachi wanaandika kila kitu. Wanaandika mpaka ng'ombe akizaa. Tafuta."

Hivyo ndivyo ilivyoanza kazi ya kumtafuta Ludwig Anton. Injinia Klaus alikubali kuandika barua kwa Kijerumani kwenda kanisa la Altenbrück, ambako vitabu vya waliobatizwa na waliooana vimehifadhiwa tangu zama za nyuma. Akamwuliza marehemu, "Jina lake la ukoo nani?" Marehemu akamjibu bila kufikiri, "Anton." Kwetu sisi mtu ni fulani bin fulani. Ludwig Anton ni Ludwig mtoto wa Anton, na akitafutwa atatafutwa kwa watu wa Anton. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona kosa, na Klaus aliandika alivyoambiwa, kwani kwao wako pia watu wenye ukoo wa jina hilo.

Jawabu ilikuja baada ya miezi. Altenbrück walikuwepo watu wa ukoo wa Anton, wenye kinu cha kusaga nafaka, na kijana wao Ludwig alikwenda Afrika Mashariki mwaka 1899 kusaidia wagonjwa, na barua zake zikakatika. Ukoo huo ulifurahi kusikia kwamba alikuwa ameacha uzao. Bibi mmoja mkongwe alileta picha yake: kijana mwembamba, mwenye macho ya upole. Marehemu aliitia kwenye fremu akaitundika chini ya ile saa. Kila aliyekuja kunywa kahawa alionyeshwa. Mimi niliitazama picha hiyo nikaiona pua ya mama yetu, pale pale, nikalia.

Kwenye sabla ya Hamdun marehemu aliishika Kurani mbele ya watu akaapa kwamba huyo ndiye babu yake, mtu wa huruma, na kwamba alimwoa Mwanamvua kwa ndoa, kama bibi alivyotuambia. Hamdun aliinuka akambusu bega. Wadha na Nadhir wakafungishwa ndoa tarehe 19 Oktoba 1979, na watu walikula hapa siku tatu.

Mwaka 1983, mwezi wa Novemba, Klaus alimaliza mkataba wake. Walimfanyia chakula cha kumuaga Nizwa, kwenye bustani ya mitende ya mmoja wa wafanyakazi, na aligawa kadi zenye anwani yake. Marehemu akaisoma kadi, Klaus Peter Wendt, akamshika mkono kwa adabu.

"Ukifika nyumbani nisalimie Mzee Peter."

"Peter gani?"

"Baba yako."

"Baba yangu anaitwa Otto."

"Basi huyu Peter nani?"

"Peter ni mimi!" Klaus akasema. "Klaus ni mimi, Peter ni mimi. Nilibatizwa majina mawili. Ukoo ni Wendt."

Wafanyakazi walicheka mpaka wakamwaga kahawa. Mmoja akasema, "Injinia, wewe kumbe ni watu wawili, ndio maana unakula hivi!" Marehemu naye alicheka. Kisha akakaa chini kwenye mkeka na kadi mkononi, akamwuliza, "Na Ludwig Anton?"

Klaus aliacha kucheka.

Aliporudi kwao alikwenda mwenyewe Altenbrück. Akatafuta kwenye vitabu vya ubatizo kila mtoto aliyepewa majina mawili ya Ludwig na Anton, wa ukoo wowote. Kisha akalinganisha na orodha za walowezi wa Afrika Mashariki ambazo serikali yao imeziweka. Akapatikana mtu mmoja tu: Ludwig Anton Rehbein, mwenye shamba la katani, Pangani, mtoto wa yule fundi ambaye jina lake liko mgongoni mwa saa yetu. Na kwa kuwa alikuwa na jina sahihi, alipata na jalada la mahakama la mwaka 1908. Alilifasiri kwa Kiingereza akaleta, na lilifika Februari mwaka huu. Mahrous ndiye aliyemsomea baba yake kwa Kiswahili, hapa hapa barazani.

Jalada linasema kwamba Rehbein alimkuta mfanyakazi wake Mabruki amelala pembeni ya mtambo wa katani. Akaamrisha apigwe hamsa ishirini, ile adhabu ya viboko ya Wadachi ambayo wazee wetu waliiogopa hata kuitaja. Mnyapara alipochoka Rehbein alikichukua kiboko mwenyewe, akaanza upya kuhesabu. Mabruki alipozimia alimwagiwa maji ya chumvi, akaendelea kupigwa. Alikufa kabla ya jua kuchwa, amefungwa kwenye pipa. Jalada linasema kwamba marehemu Mabruki alikuwa na mke anayeitwa Mwanamvua, na kwamba mke huyo sasa ni mpishi nyumbani kwa mshtakiwa. Mahakama ilimtoza Rehbein faini, akarudi shambani. Mwaka uliofuata, nyumbani kwake, alizaliwa Khole, mama yetu.

Bibi Mwanamvua hakutuambia hata neno moja la hayo. Alimpa mtoto wake baba wa kusilimu na wa kusali, ili apate kulala. Mwenyezi Mungu amrehemu, na mama yetu hana dhambi.

Tangu siku ile marehemu alibadilika. Aliitoa picha ya yule kijana mwembamba akaipeleka kwa posta kwa wenyewe, pamoja na maneno ya kuomba radhi. Akawa akikaa, mikono kaiweka chini ya mapaja, kama mtu anayesikia baridi. Mfanyakazi mmoja wa barabarani ameniambia matangani hapa kwamba mwezi wa Aprili alimwangushia marehemu jiwe la mguu kwa bahati mbaya, vidole viwili vikavunjika, akafumba macho kungojea ngumi. Haikuja. Alipofumbua alimwona marehemu kageuka, anatapika.

Lakini kiapo kilimkaa moyoni. Alikuwa kaishika Kurani, kaapa juu ya mtu asiye wake. Bi Amna alimsihi.

"Yaarub, nani aliyekuuliza? Wadha ana mimba ya miezi sita. Funga kafara yako ya kiapo, Mungu anajua ulikosea. Watu wasijue."

"Niliapa mbele ya watu, Amna. Nitarudisha mbele ya watu."

"Watamwachisha mwanangu!"

"Nadhir hatomwacha."

"Na hao wengine? Khalaf unamjua."

"Namjua," akasema. "Ndivyo nilivyokuwa mimi."

Siku ya pili ya Idi, Jumatatu tarehe 2 Julai, alikwenda sabla na Mahrous. Watu walikuwa wengi, halua imewekwa. Alisubiri kahawa izunguke, kisha akasimama akasema yote: kosa la majina, Rehbein, Mabruki, kiboko, maji ya chumvi, na kwamba hakuna andiko lolote la ndoa. Akasema kiapo chake kilikuwa batili na amekwisha kulisha masikini. Hamdun aliinamisha kichwa. Khalaf akacheka.

"Leo Mdachi katuletea babu mwengine! Ngojeni Idi ya mfunguo tatu, atakuja na wa tatu."

Watu wakacheka. Marehemu akasema, "Sina wa tatu, mwanangu. Huyu ndiye."

"Mimi si mwanao. Umetutilia damu ya mwuaji nyumbani kwetu, kwa Kurani." Akamgeukia mdogo wake. "Nadhir, mwache. Hapa hapa, mbele ya watu. Tamka."

"Simwachi," Nadhir akasema.

"Tamka!"

"Simwachi mke wangu kwa mtu aliyekufa kabla baba hajazaliwa. Kaa chini, Khalaf, unatutia aibu."

Khalaf akamkamata Nadhir kanzu ya shingoni akampiga kichwa kwenye ukuta, mara ya kwanza, mara ya pili, na ukuta ukaingia damu. Marehemu aliingia kati yao. Mahrous anashuhudia, na Hamdun anashuhudia, kwamba hakukunja ngumi. Alimkumbatia Nadhir, akamgeuzia Khalaf ubavu. Khalaf alichomoa jambia akamchoma chini ya mbavu, akaizungusha. Marehemu hakupiga ukelele. Alimwambia Nadhir, "Kamtazame mkeo asije akasikia kwa watu," kisha akaanguka kwenye sinia la halua.

Alipelekwa spitali ya Ibra na baadaye Maskati. Alipasuliwa mara mbili. Madaktari walijitahidi sana, Mungu awalipe, lakini utumbo uliingia sumu. Katika wiki hizo alikuwa na akili zake. Mahrous alimwapia kitandani kwamba Khalaf hatoiona Idi nyengine. Marehemu alimwacha mpaka akamaliza, kisha akasema, "Langu nimemsamehe. Lenu ni lenu, mimi sikusemeeni." Mahrous alitaka amwamrishe, ama hivi ama vile. Hakumwamrisha. Alifariki alfajiri ya Jumapili tarehe 22 Julai, akiwa na Bi Amna mkono wa kulia na Turkiya mkono wa kushoto. Tulimleta Ibra, tukamzika jioni ile ile. Ya makaburini nimekwisha kuyasema.

Jana asubuhi, nikiandika karatasi hii, nilimwita Mahrous anisomee tena lile jalada ili nisikosee.

"Shangazi, hayo ya nini leo?" akaniambia. "Watu wale wali huku wanasikia mababu wanavyochapa watu?"

"Soma, mwanangu. Baba yako kafa kwa ajili ya karatasi hiyo. Mashahidi walikuwa nani?"

"Mnyapara. Daktari wao, kasema Mabruki alikuwa na moyo mbovu. Na mlowezi jirani, kasema Rehbein ni mtu mwema."

"Na mkewe Mabruki kasema nini?"

Akatafuta. "Hayumo."

"Tazama vizuri. Mume ni wake."

"Nimetazama, shangazi. Karatasi zote. Wameandika kwamba yupo jikoni, basi. Hawakumwuliza kitu."

Akalifunga jalada. Alikaa anauma kucha kama alivyokuwa akifanya utotoni. Kisha akaniuliza, "Kadhi anakaa mpaka saa ngapi?"

"Mpaka adhuhuri."

Akavaa kilemba akatoka. Aliyomwambia kadhi hakunihadithia na mimi sikumwuliza. Ameniomba tu nimwachie nafasi mwisho wa karatasi ajaze mwenyewe, na ninyi mtayasikia pamoja na mimi.

Marehemu ameacha mjane, Bi Amna binti Suweid. Ameacha watoto watatu, Mahrous, Turkiya na Wadha. Mkwe wake Nadhir bin Hamdun, ambaye yumo ndani na bandeji yake kichwani. Wajukuu watano kwa Mahrous na Turkiya, na mmoja anayetarajiwa kwa Wadha, inshaallah. Na dada mmoja, Badriya. Ameacha binamu, Hamdun bin Nadhir, aliyekaa nje ya mlango siku zote tatu kwa kuwa hakuna aliyemwambia ingia. Na huko Pangani, kama wapo, wameachwa wajukuu wa ndugu zake Mabruki, ambao hatuwajui. Anayewajua atuletee habari.

Yafuatayo ni ya Mahrous.

"Mimi Mahrous bin Yaarub nimeulizwa na kadhi, na jawabu yangu niliyompa jana ni hii. Khalaf bin Hamdun namwachia roho yake. Dia sitaki. Sijamsamehe moyoni, na sitosema uongo mbele ya baba. Mkono wangu hautomgusa, wala wa wanangu, wala wa mtu yeyote anayetaka kunifurahisha. Yule niliyempiga jiwe namwomba radhi, na jino lake lililovunjika ni juu yangu. Ami Hamdun, ingia ndani, chakula kinapoa."

Mola amlaze Yaarub pasipo na kelele wala kiboko, na amkutanishe na bibi yake.